Winga Wetu na Mtani wa Ghorofa ya Pili

Mafuta ya nazi na baridi ya Landani havipatani hata kidogo. Kule yanakotoka yanatiririka kama maji ya bomba, lakini ukiyaweka kwenye dirisha la jikoni kwangu hapa Wembley, ukirudi unakuta chupa nzima imeganda, nyeupe, ngumu kama mshumaa, na usipoibana kwapani dakika kumi hupati hata tone la kupaka kisigino. Juzi nilikuwa nimesimama hivyo hivyo, chupa kwapani, nasubiri, harufu ikaanza kutoka polepole. Kwanza nazi, halafu nyuma ya nazi ngozi ya kiatu, na nyuma ya ngozi, naapa, samaki. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Chupa hiyo ilitumwa kutoka Honduras na mchezaji mpira wa kulipwa ambaye, nilipokuwa na miaka minane, nilikaribia kuiua kazi yake yote kwa mikono yangu hii miwili.

Niseme mapema kwamba mwalimu wangu wa shule ya usiku, nilikomalizia masomo nikiwa mtu mzima, aliwahi kuandika pembeni mwa insha yangu kuwa natia chumvi. Kweli natia. Lakini hii ya leo ni chumvi ya kuonjea tu.

Mimi na mama tulikaa ghorofa ya nne, kwenye jengo lenye lifti iliyofanya kazi siku za sikukuu peke yake. Mama alikuwa anatunza wazee majumbani kwao, anatoka asubuhi na kurudi miguu imevimba kama mikate ya kumimina. Tulikuwa na chumba kimoja cha ziada, kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya anagonga kuta zote nne. Klabu moja ya mpira ya upande wetu wa mji, si hizi kubwa mnazogombania mitandaoni, ilikuwa inatafuta familia za kukaa na wachezaji wake wageni, na mama akajiandikisha. Ndipo akaja Selvin.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, winga wa kushoto, mfupi, mweusi kuliko sisi, na mapaja ambayo nilidhani kayaazima kwa mtu mwingine. Alitoka pwani ya Honduras, kwa watu wanaoitwa Wagarifuna, ambao mababu zao waliotoka Afrika walifika huko zamani sana na kuota mizizi kando ya bahari. Mama alimwangalia mlangoni kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia kwa Kiswahili kwamba hawa watu wa klabu wametudanganya, huyu si mgeni, huyu ni mdogo wake. Akampa bakuli la ugali na mlenda, na kuanzia siku hiyo hakumwita jina lingine ila mdogo wangu. Mimi nikaambiwa nimwite anko.

Nilimpenda siku ileile. Alinipeleka shule akipiga danadana njia nzima, mpira haugusi chini kutoka mlangoni kwetu mpaka getini, mia sita, elfu moja, sikumbuki. Alikuwa hajui Kiingereza vizuri, na mimi Kiswahili nilikuwa nakisikia lakini namjibu mama kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa watoto wote wa huku siku zile, kwa hiyo tuliongea kwa mikono, kwa nyuso, na kwa mpira. Na kila Ijumaa, siku ya kuamkia mechi, alifanya ibada yake. Alitandika gazeti chini ya dirisha la sebuleni, akaweka daluga zake juu yake, akazipaka mafuta ya nazi ya mama yake kwa kidole kimoja, polepole, mshono kwa mshono. Zilikuwa jozi moja tu alizoziamini. Miguu yake ilikuwa mipana kama chapati, na kila jozi mpya aliyopewa ilimchubua mpaka damu. Hakuziacha klabuni hata siku moja. Alikuja nazo nyumbani begani kama mtoto mchanga.

Sasa ghorofa ya pili alikaa Mzee Pazi, dereva wa basi, mtu wa Kisarawe, mwenye sauti iliyosikika mpaka kituo cha treni. Na mimi Mzee Pazi nilimwogopa kama polisi, kwa sababu yeye na mama walitukanana kila walipokutana ngazini. Hawakupishana hata mara moja bila tusi. Mama alimwambia kuwa Wazaramo wote ni wavivu, wanakaa chini ya mnazi wakisubiri nazi iwadondokee mdomoni. Yeye alimwita mama mpagazi wangu, akamuuliza mzigo wake wa jana ameutua wapi, na akasema hawezi kula chochote kutoka kwenye friza la Mnyamwezi maana samaki waliomo walivuliwa enzi za Mjerumani. Kisha kila mmoja aliendelea na safari yake. Hakuna aliyenieleza neno. Leo najua kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na watani hawajielezi. Lakini mtoto wa Wembley mwenye miaka minane atalijulia wapi hilo? Nilichojua ni kwamba mama ana adui, na adui anakaa ghorofa mbili chini.

Jumapili ya kwanza Selvin aliomba jiko. Alichemsha ndizi mbichi, akaziponda kwenye kinu cha mama mpaka jengo zima likatikisika, akapika samaki kwa tui zito la nazi. Harufu ikashuka ngazi. Hazikupita dakika tano Mzee Pazi akawa mlangoni, amevaa kanzu na soksi, anauliza nani anapika vya pwani ya kwao kwenye nyumba ya watu wa Tabora. Mama akamjibu kuwa huyo ni mdogo wake, kwa hiyo ni Mnyamwezi, na asimguse. Mzee Pazi akakaa, akala sahani tatu, akanawa, akamtazama Selvin kwa makini, kisha akatamka kwamba kama ni Mnyamwezi basi ni mtani wake, na kwa miguu ile aliyoiona, Mnyamwezi huyu amebeba mizigo mpaka Amerika na kurudi.

Tangu hapo Selvin naye akaingia kwenye matusi. Asubuhi akitoka kwenda mazoezini, Mzee Pazi yuko dirishani, anamuuliza kama hiyo miguu amekuja nayo au ni ya kusongea ugali. Klabu ikifungwa, anampigia makofi ngazini. Na mwisho wa kila tusi ulikuwa uleule: kwamba siku moja yeye Pazi mwenyewe atamfungia mizigo arudi kwao. Selvin alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuja kuniambia baadaye kuwa kijijini kwao nao wana wajomba wa namna hiyo, na kwamba Landani yote ile, watu wema wakimwuliza habari yako na kupita bila kusubiri jibu, ni Mzee Pazi tu aliyemfanya ajione yuko kwa watu. Kiswahili cha kwanza alichojifunza, kabla hata ya asante, kilikuwa Mzaramo mvivu. Mimi nilidhani anacheka kwa woga.

Kisha ikafika Mei. Kwa jinsi nilivyomsikia mama akiongea kwenye simu na mama mdogo, mambo yalikuwa hivi. Mkataba wa Selvin ulikuwa wa msimu mmoja, na msimu wote alikuwa amekalia benchi kiasi cha kuliachia alama. Mechi ya mwisho, Jumamosi, kocha angemwanzisha, na wenye klabu wangekuwepo kumtazama. Akiwapendeza, anapewa miaka miwili. Asipowapendeza, Jumatatu ana ndege. Mama alisema hayo kwa sauti ndogo, sauti aliyokuwa akiitumia anapoongea habari za wagonjwa wake.

Ijumaa jioni Mzee Pazi alipanda kuja kutoa baraka zake. Selvin alikuwa kwenye gazeti lake, kidole kimejaa mafuta. Mzee akasimama juu yake, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Paka, paka, mpagazi wangu," akasema. "Kesho mpira ukiisha nakuja na sanduku. Nguo naweka chini, hizo daluga naweka juu kabisa, nafunga mimi mwenyewe."

Wakacheka wote watatu, yeye, Selvin na mama. Mimi sikucheka. Nilikwenda kulala na hesabu kichwani, na hesabu yenyewe ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kufanya shuleni. Daluga zinawekwa juu kabisa, ndipo sanduku linafungwa. Daluga zisipokuwepo, sanduku halifungwi. Sanduku lisipofungwa, anko haondoki. Kilichobaki ni kupata mahali ambapo Mzee Pazi hawezi kutia mkono wake, na mahali hapo alikuwa amekwisha kupataja mwenyewe mara mia ngazini.

Asubuhi mama yuko bafuni na Selvin bado analala, nilizichukua daluga zile, nikafungua friza, nikazizika chini kabisa, chini ya kisamvu, chini ya vibua, juu yake nikalaza sangara mkubwa kama mlinzi. Kisha nikakaa kuangalia katuni, roho imetulia kama ya mtu aliyelipa kodi ya nyumba mwaka mzima.

Saa nne Selvin akaona gazeti tupu. Aliangalia chini ya kochi, akaangalia bafuni, akarudi kuangalia gazeti kana kwamba zingekuwa zimerudi zenyewe. Mama alipomwona anazunguka alifunga kanga yake vizuri, akatabasamu, akasema wala asihangaike, huyu ni Pazi. Maana hapo ndipo penye jambo ambalo nisingelijua: mtani anaruhusiwa kukuchukulia kitu chako. Huruhusiwi kukasirika. Unakwenda kukikomboa kwa zawadi, mnacheka, yanaisha. Mama akaegemea kwenye ngazi akaita kuelekea chini kwamba mwizi wa Kisarawe apande na mali ya watu.

Na Mzee Pazi, ambaye hakuwa na habari yoyote ya daluga, akapanda. Mtani gani anakataa sifa asiyoitolea jasho? Alikaa kwenye kiti kikubwa kama baba mwenye nyumba, akakunja mguu, akasema naam, vitu anavyo, viko pazuri, vinakula na kunywa, na ukombozi wake ni jogoo. Jogoo mzima, mwenye manyoya, anayewika. Mama akasema atapewa mayai mawili. Mzee akashuka mpaka jogoo asiyewika. Selvin akaingia naye kwenye mnada, akaahidi samaki wa nazi kila Jumapili. Mzee akasema na ndizi ziwe laini zaidi. Walifanya biashara hiyo zaidi ya nusu saa, kicheko juu ya kicheko, na mimi kwenye kochi naangalia adui akidai kuwa na kitu ninachojua kiko chini ya sangara. Nilifurahi sana. Nilijua sasa ni mwongo pia.

Kisha mama akatazama saa ya ukutani. Tabasamu likamtoka usoni taratibu. Akasogea mbele ya kiti cha Mzee Pazi, akafumbata mikono kifuani.

"Kaka Pazi," akasema, "nakuomba. Muda umekwisha."

Sijawahi kuona neno moja likimgeuza mtu namna ile. Kaka. Miaka yote hakuwahi kumwita kaka. Mzee Pazi akashusha mguu, akasimama, uso umemshuka mpaka kwenye shingo.

"Dada, wallahi sinazo."

Mama akaniambia nishuke kuangalia kwenye mapipa ya taka, pengine zimetupwa. Mzee Pazi akapiga magoti kwenye zulia letu, kanzu na yote, akawa anapapasa chini ya kabati. Selvin alitoka nje, akakaa ngazini, akainamisha kichwa juu ya ile miguu mipana aliyozaliwa nayo. Niliposimama nyuma yake niliona mabega yake. Mtu huyu alikuwa anacheka akichubuka, anacheka akikaa benchi, anacheka akitukanwa. Na sasa hakuwa anacheka, na Mzee Pazi hakuwa hata karibu yake. Hesabu yangu yote ikaporomoka.

Nikarudi ndani, nikafungua friza.

Zilikuwa zimekuwa mawe. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda juu yake, meupe, mazito, kama keki ya harusi, na kwenye soli ya kushoto magamba ya samaki yameshika kama urembo. Nilizishika mkono mmoja kila moja nikasimama mlangoni. Mzee Pazi, bado kwenye magoti, ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, kwa nini.

Nikamjibu kwa Kiswahili. Nadhani ilikuwa sentensi yangu ya kwanza nzima.

"Ili usimfungie mizigo."

Mzee Pazi akacheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi sikujua hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Akanivuta karibu.

"Mwanangu," akasema, "ningekuwa namchukia, ningemsalimia vizuri kila siku, nikamuuliza habari za kwao, nikapita."

Hakukuwa na muda wa somo la pili. Tulijipakia kwenye gari lake dogo la rangi ya maboga, akawasha joto mpaka mwisho, madirisha yamefungwa, mwezi wa Mei. Mama akachukua daluga ya kulia akaifungia ndani ya kanga, kwapani, akaiatamia kama kuku mwenye yai. Ya kushoto, yenye magamba, nikapewa mimi, niiweke tumboni chini ya fulana, ngozi kwa ngozi. Hakuna aliyeiita adhabu. Baridi ile ninayo mpaka leo, hapa, juu ya kitovu. Selvin mbele anapasha misuli kwa kukunja vidole, Mzee Pazi anaendesha kama basi lenye abiria mia huku anatutukana wote kwa zamu, jasho linatiririka, na harufu ya nazi na vibua ikapanda mpaka macho yakawasha. Tulipofika uwanjani mafuta yalikuwa yameyeyuka yote. Nusu ilikuwa kwenye kanga ya mama. Nyingine ilinifanya ning'ae tumbo wiki nzima. Selvin alizivaa, akapiga chini mara mbili, akanikonyeza.

Sasa mpira wenyewe, hapa mwalimu wangu anisamehe. Alimpita beki wa kwanza, akampita wa pili, nadhani kuna wakati alimpita refa. Yule beki wa kulia wa wageni alimkaba kwa karibu kipindi cha kwanza, lakini cha pili akawa anakaa hatua tatu nyuma, na mimi siku zote nimeamini ni harufu. Tatizo lilikuwa jukwaani. Tulikuwa tumekaa kati ya mashabiki wa nyumbani, na Mzee Pazi anasimama kila Selvin akigusa mpira, anamwita kibwengo, anamwambia hiyo miguu airudishe kwa mwenyewe. Maneno hawakuyaelewa, lakini sura waliielewa. Mlinzi wa uwanja, kijana mwenye koti la manjano, akapanda mpaka kwetu akasema kuna malalamiko, bwana huyu anamtukana mchezaji wa klabu, itabidi atoke.

Mama akaanza kueleza akakwama. Mzee Pazi akanyoosha mikono kama mshtakiwa. Nikasimama juu ya kiti, nikamwambia yule kijana kwa Kiingereza changu cha Wembley, bila kutetemeka, kwamba huyu anaruhusiwa. Huyu ni mtani wake. Neno hilo nilikuwa nalisikia siku zote, lakini maana yake nilikuwa nimeijua kwa saa tatu tu, tangu Mzee aliponivuta karibu, na sikuwa na lingine la kuweka mahali pake. Kijana akaniuliza mtani ni nini. Nikafikiri, nikasema ni mtu anayekutukana kwa sababu hataki uondoke.

Mlinzi akamtazama Mzee, akanitazama mimi, na wakati huohuo uwanja ukalipuka. Selvin alikuwa amekata ndani kutoka kushoto, akapiga mpira ukaenda juu kabisa kwenye pembe, mahali ambapo buibui hutaga. Nilimkuta yule mlinzi amekumbatiwa na Mzee Pazi, miguu haigusi chini.

Miaka miwili walimpa. Baada ya hapo alicheza Ubelgiji, akacheza Meksiko, akavaa jezi ya taifa lake mara nyingi kuliko vidole vyangu na vya jirani, na kila alikokwenda alipaka daluga zake mwenyewe kila siku ya kuamkia mechi. Kila mwaka chupa za mafuta zilikuja kwetu, na kila mwaka kulikuwa na ujumbe kwa Mzee Pazi ambao siwezi kuuandika hapa.

Wiki iliyopita ametundika daluga. Walimfanyia mechi ya kumuaga kwenye mji wake wa pwani, na sisi watatu tuliiangalia sebuleni kwa mama, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Mzee Pazi, ambaye sasa amestaafu na anapanda ngazi zile kwa vituo vinne, alikuja amevaa koti na kofia safi. Mpira ulipoisha Selvin alitupigia palepale uwanjani, ana jasho, ana mvi, mtoto wake mabegani. Akamtaka mtani wake. Mzee akashika simu kwa mikono miwili.

"Hongera sana, mwanangu," akasema. "Umecheza vizuri. Mungu akubariki."

Kisha nikamsikia Selvin akiniita mimi kwa Kiingereza, sauti imejaa hofu, ananiuliza Mzee ana nini, anaumwa? Mzee Pazi akakohoa, akapangusa kioo cha ile simu kwa kiganja.

"Sasa wakimaliza kukupigia makofi ya huruma," akasema, "panda ndege uje na familia yako. Safari hii mizigo nafungua mimi."

Selvin akacheka cheko lake lote, lile la kushika ukuta, akamjibu kwa Kiswahili chake cha ngazini kwamba Mzaramo mvivu hawezi kufungua hata zipu.

Wanafika mwezi ujao, kwa wiki mbili. Wiki mbili tu, fikiria. Niliwaacha wakitukanana, nikaenda jikoni kwa mama nikafungua friza, nikasukuma sangara pembeni, nikapima kwa viganja vyangu. Jozi moja bado inaingia.